Kupima Afya ya Msitu wa Kijiji kwa Picha za Setilaiti: Mwongozo Kamili kwa Nchi ya Miombo

Fungua picha ya setilaiti ya misitu ya Kilwa ya mwezi Juni, kisha ufungue ya Septemba ya mwaka huohuo. Ya Juni ni kijani tupu. Ya Septemba ni kahawia, imejaa makovu meusi ya moto, na asiyeijua miombo ataapa kwamba msitu umekwisha ndani ya miezi mitatu. Haujaisha. Mitondoro na jamii nzima ya miombo hupukutisha majani kiangazi kinapokolea, na mvua zikikaribia huchipua upya, mara nyingi majani mekundu kwanza ndipo yageuke kijani. Wako waliokwisha kuchora ramani za "uharibifu" ambazo kwa kweli zilikuwa ramani za kiangazi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaweka kalenda mbele ya programu ya kompyuta. Kupima afya ya msitu kutoka angani ni kuulinganisha msitu na wenyewe, majira yaleyale, mwaka hadi mwaka, kisha kwenda kwa miguu pale usipoelewa. Nimechukua misitu ya hifadhi ya ardhi ya vijiji ya Lindi kama mfano, hasa Kilwa na Liwale, kwa sababu huko wanavijiji ndio wenye msitu kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009. Aliye Tabora, Katavi au Ruvuma atabadilisha tarehe kidogo tu. Aliye kwenye mikoko au milimani nina neno naye mwishoni.

Unahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti ya kuvumilika, programu ya ramani ya QGIS ambayo ni bure, na akaunti ya Google Earth Engine, huduma ya kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, nayo bure kwa kazi zisizo za biashara. Picha zenyewe ni bure pia.

Hatua ya 1: Amua unauliza nini

"Afya ya msitu" ni maneno mapana mno kupimika. Yagawe. Msitu unaweza kufyekwa kabisa ukawa shamba, na Lindi shamba hilo aghalabu ni la ufuta. Unaweza kupunguzwa polepole: leo mninga mmoja, kesho mkongo, keshokutwa tanuri la mkaa. Unaweza kuungua kila mwaka mwishoni mwa kiangazi hadi miche isipate nafasi ya kukua. Unaweza kukauka kwa ukame. Na unaweza kuvamiwa na mmea mgeni, ukaonekana kijani kuliko zamani huku ukifa kwa ndani. Wakenya wa Baringo wanaoishi na mathenge wanalijua hili bila kuambiwa.

Setilaiti za bure huliona la kwanza vizuri sana, la tatu na la nne vizuri, la pili kwa shida, na la tano karibu haziioni kabisa bila msaada wa macho ya mtu. Taji la mninga mkubwa lina upana wa mita kumi hivi, sawa na pikseli moja (kijiraba kimoja kidogo kabisa) ya picha bora zaidi kati ya hizo za bure. Mti mmoja ukiangushwa, nyasi na matawi ya jirani huziba pengo, na picha ya msimu ujao haioneshi kitu. Atakayekuahidi kuhesabu mininga iliyoibwa kwa picha za bure, mwombe akuoneshe visiki.

Hatua ya 2: Pata mpaka ulio sahihi

Kazi nyingi huharibikia hapa, mapema kabisa. Ramani za zamani za Tanzania, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960. GPS ya simu na picha za setilaiti hutumia WGS 84. Ukizichanganya bila kugeuza, mpaka wako utahama karibu mita 300, zaidi kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 zinatosha kuingiza mashamba ya watu ndani ya msitu na kuanzisha ugomvi usio na msingi.

Ndani ya QGIS, faili la Arc 1960 la ukanda wa Kilwa lifungue kwa namba EPSG:21037, kisha lihifadhi upya kwa EPSG:32737, yaani WGS 84, UTM ukanda wa 37 kusini. Halafu lilinganishe na kitu kisichohama: kona ya barabara, mto, kigingi ambacho kamati ya maliasili ya kijiji imepima kwa GPS. Vikikubaliana, endelea. Visipokubaliana, simama hapo hadi ujue kwa nini.

Chora pia mkanda wa kilomita mbili nje ya mpaka. Mara nyingi kinachokuja kuuumiza msitu huanzia huko mwaka mmoja au miwili kabla. Na kama unaweza, chagua kipande cha miombo kisichofikika kwa urahisi, mbali na barabara na vijiji, kiwe cha kulinganishia. Vijiji vya magharibi vinavyopakana na Pori la Akiba la Selous vina bahati hiyo mlangoni.

Hatua ya 3: Chagua setilaiti

Kwa kazi ya kila siku, chagua Sentinel-2 ya Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, na zikiwa mbili hupita juu ya sehemu moja kila baada ya siku tano. Bendi zake (yaani tabaka za mwanga) za rangi za kawaida na ile kuu ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, zina pikseli za mita 10. Bendi za infraredi ya mawimbi mafupi, ambazo ndizo tutakazozitegemea, ni za mita 20. Pikseli ya mita 20 ni mita za mraba 400, kwa hiyo hekta moja ina pikseli 25 na shamba la ekari moja lina pikseli kumi hivi. Hesabu hiyo iweke kichwani. Itakuzuia kushtuka kwa sababu ya pikseli mbili nyekundu.

Landsat ya Marekani ina pikseli za mita 30, ila ina kumbukumbu ndefu: picha za kipimo hicho zinaanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu 2008 zinatolewa bure. Ukitaka kujua msitu ulikuwaje kabla kijiji hakijautenga, ni Landsat. Angalizo moja: picha za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina michirizi mitupu kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika huko juu.

Rada ni ukoo mwingine. Sentinel-1 hutuma mawimbi yake yenyewe, kwa hiyo wingu na giza haviizuii. Rada ya mawimbi marefu ya Wajapani, PALSAR-2, hupenya majani na kugusa mashina, na ramani zake za mwaka za mita 25 hutolewa bure. Kwa miombo ina faida kubwa: huanza kushindwa kutofautisha pale uzito wa miti unapopita tani mia moja hivi kwa hekta, na miombo mingi iko chini ya hapo. Mwaka 2025 zimeongezeka mbili za kufuatilia kwa karibu: Biomass ya Ulaya, iliyorushwa Aprili, na NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai.

Hatua ya 4: Chagua majira, na usiyabadilishe

Kilwa na Liwale mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kabla hazijaisha, mawingu hayakupi picha safi. Kuanzia Julai majani huanza kupungua, na moto huanza. Kwa hiyo dirisha lako zuri ni jembamba: katikati ya Mei hadi wiki ya kwanza ya Julai. Miti bado ina majani, anga imefunguka, nyasi zimeanza kukauka chini. Hili la nyasi lina faida isiyosemwa sana: mwezi Machi shamba jipya lililoota magugu na msitu vyote ni kijani, lakini mwishoni mwa Juni nyasi zimepauka na mti bado una unyevu. Tofauti hujitokeza yenyewe.

Miaka haifanani, bila shaka. Mvua za El Niño za 2023 na 2024 zilirefusha ukijani, na Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mapema Mei 2024 maji yalituama mabondeni na barabara ya kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Ukiichukua picha ya mabonde hayo ya Mei 2024 ukailinganisha na Mei ya mwaka mkavu, utapima mafuriko, si msitu. Mwaka kama huo sogea mbele, tumia Juni peke yake.

Kuna dirisha la pili, dogo, kwa ajili ya moto: Agosti hadi Oktoba. Hilo litumie kwa swali moja tu, yaani nini kimeungua na lini. Usilichanganye na la kwanza.

Hatua ya 5: Chagua kipimo

Wengi huanza na NDVI, nayo ni hii: bendi ya infraredi ya karibu kutoa bendi nyekundu, gawanya kwa jumla yake. Jani hai hurudisha infraredi ya karibu kwa wingi na kuumeza mwanga mwekundu, hivyo namba hupanda kuelekea moja. Ni kipimo kizuri cha majani. Tatizo ni kwamba hakijui jani la mti wa miaka sitini na jani la chipukizi la miaka miwili. Miombo ikikatwa huchipua visikini kwa nguvu. Baada ya misimu michache tu NDVI imerudi karibu ilipokuwa, wakati mbao na hewa ukaa iliyokuwamo itahitaji miongo kurudi. Nikiona taarifa inayosema msitu "umepona" kwa ushahidi wa NDVI peke yake, siiamini.

Kwa miombo napendelea NBR. Kwa Sentinel-2 ni:

NBR = (B8A − B12) ÷ (B8A + B12)

B8A ni infraredi ya karibu, B12 ni ya mawimbi mafupi. Hii ya pili ndiyo muhimu. Udongo mtupu, majivu na miti mikavu huirudisha kwa wingi. Majani yenye maji huimeza, na kivuli cha miti iliyoshonana huipunguza. Kwa hiyo NBR huona mwavuli wa msitu unapofunguka, hata kama chini kumebaki ukijani kiasi. Kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya moto ndicho kinachotumika vizuri zaidi kwa panga. Ukitaka unyevu hasa, wakati wa ukame, weka B11 mahali pa B12, upate kile kinachoitwa NDMI.

Hatua ya 6: Tengeneza ramani ya tofauti

Unaweza kuanza bila kuandika msimbo wowote: ingia Copernicus Browser, weka Kilwa, chagua Sentinel-2 L2A (picha zilizokwisha kusahihishwa athari ya angahewa), tazama Juni za miaka mitatu mfululizo. Fanya hivyo hata kama unajua kuandika msimbo. Jicho likishaizoea sura ya mahali, namba hazikudanganyi kirahisi.

Kisha ingia Earth Engine. Pandisha faili la mpaka kwenye hifadhi yako na ubandike hii:

```
var msitu = ee.FeatureCollection('projects/mradi-wako/assets/mpaka');
var mawingu = ee.ImageCollection('GOOGLE/CLOUD_SCORE_PLUS/V1/S2_HARMONIZED');

function safisha(picha) {
  return picha.updateMask(picha.select('cs').gte(0.6));
}

function nbr(mwaka) {
  return ee.ImageCollection('COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED')
    .filterBounds(msitu)
    .filterDate(mwaka + '-05-15', mwaka + '-07-08')
    .linkCollection(mawingu, ['cs'])
    .map(safisha)
    .median()
    .normalizedDifference(['B8A', 'B12'])
    .clip(msitu);
}

var rejea = ee.ImageCollection([
  nbr(2019), nbr(2020), nbr(2021), nbr(2022), nbr(2023)
]).median();

var tofauti = nbr(2025).subtract(rejea);

Map.centerObject(msitu, 11);
Map.addLayer(tofauti,
  {min: -0.3, max: 0.3, palette: ['red', 'white', 'green']},
  'tofauti');
```

Kinachofanyika ni hiki. Kila picha ya dirisha letu huondolewa pikseli zenye wingu na kivuli. Zinazobaki hupangwa pikseli kwa pikseli na kuchukuliwa namba ya katikati, ili picha moja mbaya isiharibu nyingine. Miaka mitano ya 2019 hadi 2023 inakuwa rejea, yaani hali ya kawaida ya msitu huu. Mwaka unaoupima hutolewa rejea hiyo. Nyekundu imeshuka, kijani imepanda, nyeupe iko palepale.

Nimeanzia 2019 kwa makusudi: picha zilizosahihishwa athari ya angahewa zilianza kutolewa kwa dunia nzima Desemba 2018. Na jina lenye HARMONIZED usiliache. Mwezi Januari 2022 utaratibu wa kuchakata picha ulibadilika na kila namba ikaongezwa 1,000. Asiyetumia mkusanyiko huo ataona afya ya misitu yote ya Afrika ikishuka usiku mmoja.

Sasa weka kizingiti. Anza na kushuka kwa 0.10 kama swali, na 0.25 kama jambo lililo karibu na hakika. Vizingiti vinavyosambazwa mtandaoni vya kupima ukali wa moto vilitungwa Amerika ya Kaskazini kwenye misitu ya aina nyingine, kwa hiyo vyako utavirekebisha baada ya kwenda msituni. Ondoa vikundi vidogo vya chini ya pikseli tano kwa zana ya Sieve ya QGIS. Kinachobaki ndicho cha kushughulikia.

Hatua ya 7: Isome ramani kabla hujaitangaza

Tazama umbo kwanza. Ukame hauna kona. Ukiona msitu mzima umeshuka kidogo, pamoja na kile kipande cha kulinganishia, tafuta mvua: takwimu za CHIRPS zinaanzia 1981, pikseli zake ni za kilomita tano na nusu hivi, na zimo humohumo Earth Engine. Jumlisha Novemba hadi Mei, linganisha na miaka mingine. Mvua ikiwa ilikuwa haba, umepata jibu lako, wala hakuna wa kumkamata.

Madoa yenye pande zilizonyooka, yakiambatana na barabara au bonde lenye udongo mzuri, ni mashamba. Madoa madogomadogo yaliyotawanyika, yakiunganishwa na njia nyembamba, yanafanana na mkaa. Katika picha za wazi za Google Earth, kovu la tanuri huonekana kama doa jeusi la duara au la mstatili kwenye uwazi uliosafishwa. Lakini angalia tarehe ya picha hizo pembeni. Wakati mwingine ni za miaka mitatu nyuma. Doa linalotanuka kutoka kwenye kisima au malambo, njia zikilizunguka kama miale, laelekea kuwa la mifugo.

Moto una kesi yake. Miombo huungua karibu kila mwaka, na moto wa mapema wa Mei au Juni, ambao kamati huuwasha yenyewe wakati nyasi zina unyevu, ni dawa. Wa Septemba ndio ugonjwa. Ingia FIRMS, tovuti ya moto ya NASA, pakua nukta za mwaka za moto ulionaswa na kifaa cha setilaiti kiitwacho VIIRS, uzipange kwa mwezi. Nukta moja ina maana kwamba mahali fulani ndani ya mita 375 kulikuwa na moto wakati setilaiti inapita. Haimaanishi kwamba mita 375 zote zimeungua. Na kovu jeusi lenyewe halikuambii kama miti imekufa. Subiri mvua, tazama tena Mei inayofuata. Nyasi ndizo zilizoungua ikiwa NBR imerudi. Miti imekufa ikiwa haijarudi. Swali ambalo kamati inapaswa kuuliza kila mwaka ni kama nukta za Septemba na Oktoba zinapungua na za Mei na Juni zinaongezeka. Hiyo ndiyo dalili ya uchomaji wa mapema unaofanya kazi.

Hatua ya 8: Tahadhari za katikati ya mwaka

Ramani ya mwaka huchelewa. Kwa habari za wiki kwa wiki fungua Global Forest Watch, weka mpaka wako, jiandikishe upate barua pepe. Mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza: tovuti huchukulia kwamba msitu ni mahali ambapo miti imefunika angalau asilimia 30 ya ardhi. Tafsiri ya Tanzania ni asilimia 10, urefu wa mita 3, eneo la nusu hekta. Usiposhusha kizingiti hicho hadi 10, sehemu kubwa ya miombo ya wazi haitahesabiwa kuwa msitu kabisa, na ripoti itatoka nzuri kwa sababu mbaya. La pili: tahadhari za rada ziitwazo RADD zilitengenezwa kwa ajili ya misitu ya mvua. Kwa miombo tumia DIST-ALERT, inayotazama uoto wa kila aina.

Takwimu za mwaka za tovuti hiyo zisomwe kwa uangalifu pia. Mbinu ya kukokotoa imeboreshwa zaidi ya mara moja tangu 2001, kwa hiyo "upotevu umeongezeka mara mbili tangu 2005" huenda maana yake ni kwamba macho yameongezeka ukali.

Hatua ya 9: Nenda

Chagua madoa ya kutembelea: makubwa yote, machache ya kati, na, hili husahauliwa, sehemu kadhaa ambazo ramani inasema ziko salama. Zipakie kwenye simu janja kwa QField, inayofanya kazi bila mtandao. Nenda na watu wa kamati ya maliasili, siyo wewe na dereva. Wao wanajua shamba la nani, lilianza lini, na njia ipi haipitiki.

GPS ya simu chini ya miti hukosea mita tano hadi kumi, kwa hiyo simama katikati ya doa, usiparamie pikseli moja. Katika kila kituo andika tarehe, kilichotokea, kimetokea lini kwa makadirio ya wenyeji, idadi ya visiki na aina yake kama inatambulika, machipukizi yamefika kimo gani, dalili za moto na urefu wa alama nyeusi kwenye magome, kinyesi cha ng'ombe, miti iliyokauka ikiwa imesimama. Piga picha pande nne, kaskazini kwanza, mpangilio uleule kila kituo. Kwa miti iliyokauka bila panga wala moto, chukua muda zaidi: tazama gome, mashimo ya wadudu, uyoga kwenye shina. Hapo ndipo setilaiti imekuleta na imeishia.

Ukirudi, badilisha kizingiti. Ikiwa madoa ya 0.10 yote yalikuwa nyasi zilizowahi kukauka, panda hadi 0.13 au 0.15 uone.

Hatua ya 10: Hesabu hekta bila kujidanganya

Kishawishi ni kuhesabu pikseli nyekundu na kutangaza. Tuchukue mfano wa kubuni. Msitu una hekta 10,000. Ramani inasema hekta 120 zimeharibiwa. Unachagua nukta 50 kwa bahati nasibu ndani ya eneo hilo jekundu, unazikagua moja moja kwa picha za wazi au kwa miguu, 35 zinathibitika. Hiyo ni asilimia 70, yaani hekta 84. Sasa unachagua nukta 100 ndani ya hekta 9,880 zilizosemwa kuwa salama, na mbili zinakutwa zimekatwa. Asilimia mbili ya 9,880 ni hekta 198 hivi. Makadirio yako ya kweli ni hekta 282, zaidi ya mara mbili ya ramani, na sehemu kubwa ilijificha palipoitwa salama.

Tena, nukta mbili kati ya mia ni ushahidi mwembamba. Kosa la makadirio hayo linapita hekta 200 kila upande. Dawa ni kuongeza nukta upande wa salama, 300 au 400, na kuziandika namba pamoja na kosa lake. Collect Earth Online, programu ya mtandaoni ya kukagua nukta kwa picha, hurahisisha ukaguzi huo, na vijana wawili wenye kompyuta huzimaliza kwa siku chache. Kama taarifa itakwenda Wakala wa Huduma za Misitu, au kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa hewa ukaa kilichopo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, au kwa mnunuzi wa hewa ukaa, bila hesabu hii watakurudishia karatasi zako, na watakuwa na haki.

Kwa mkutano mkuu wa kijiji andaa kitu kingine: ramani moja ya karatasi kubwa, majina ya mabonde na vilima yakiwa yale wanayoyatumia wenyewe, madoa matano au sita yaliyothibitishwa, na picha za ardhini. Usichapishe mahali ilipo miti ya mpingo na mininga iliyobaki. Wanaoitafuta nao wanajua kusoma ramani.

Kwa wa mikoko na wa milimani

Mikoko haipukutishi majani kwa msimu, kwa hiyo kalenda yako ni ya maji badala ya mvua. Sentinel-2 hupita pwani yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa hizo maji yametoka, na setilaiti huona matope na mizizi. Wakati wa maji mafu, saa hizohizo maji huwa yamejaa, ingawa si kwa kimo cha bamvua. Delta ya Rufiji, yenye mikoko ya hekta 50,000 na ushei, huweza kuonekana imepungua na kuongezeka ndani ya wiki moja bila mkoko hata mmoja kuguswa. Panga picha kwa mwezi mwandamo, bamvua kwa bamvua, kabla ya kulinganisha miaka. Na kwa kuwa mpunga hulimwa ndani ya delta, tazama miezi ambayo mashamba ni makavu.

Usambara na Uluguru zina matatizo mawili. Mawingu huganda mlimani hata kiangazi, kwa hiyo miezi miwili ya Sentinel-2 inaweza isitoshe kupata picha moja safi. Tanua dirisha, au changanya na rada, ukikumbuka kwamba kwenye miteremko mikali rada hupotosha upande unaoielekea. Tatizo la pili ni kwamba msitu mnene hufikisha NDVI kileleni mwake, na namba haipandi tena hata msitu uwe mzuri kiasi gani, wala haishuki mapema unapoanza kuharibika. Huko Amani, mti mgeni wa Maesopsis eminii umeenea ndani ya msitu wa asili tangu ulipopandwa zama za ukoloni, na kwa setilaiti ni mti wa kijani kama mingine. Kuutambua huhitaji vipande vya kudumu vya kupimia, vinavyotembelewa na watu wanaojua majani ya miti, na picha za angani zitumike kuchagua vipande hivyo viwekwe wapi.